Viatu Vilivyoelea Bila Mvua

Basi la kupeleka watu uwanja wa ndege lilikuwa liondoke saa kumi kamili alasiri, na kwenye orodha ya abiria kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakupaswa kuwamo. Afande aliisoma orodha ile ubaoni saa sita na robo, akairudia, kisha akavuka uwanja wa bendera kwa mwendo wa mtu anayekwenda kukamata.

Hakuwa na wa kumkamata. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu astaafu upelelezi, na katika jamborii hii ya maskauti wa dunia nzima alikuja ng'ambo kujitolea kama mama yeyote mwenye nguvu zake. Walimpangia hema la vitu vilivyopotea. Kutwa aliandika daftarini kofia, miwani, na soksi za mguu mmoja ambazo mwenzake hakuonekana kamwe. Jina la Afande walimpa wenzake siku ya kwanza, akalikataa. Siku ya pili akaitika.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kijiji cha Tano cha kambi ile kilikaliwa na maskauti wa nchi nne zinazoelewana kwa Kiswahili, wakubwa kwa wadogo. Tangu jana usiku watoto kumi na tisa wa kijiji hicho walikuwa wakitapika na kuharisha, na binti mmoja alikuwa amepelekwa hospitali ya mjini. Wapimaji walikuja asubuhi, wakachota maji ya tangi la jiko, wakakuta hayana dawa ya kuua vijidudu hata chembe. Mwenye kazi ya kutia dawa alikuwa mmoja tu, Fundi Bomba, na daftari lake lilidai dawa ilitiwa juzi jioni. Makao makuu ya kambi yakaona jambo limekwisha: fundi hakutia dawa, akaandika uongo. Arudishwe kwao, na ripoti imtangulie.

Fundi Bomba alikuwa shemeji yake Afande, mdogo wa marehemu mume wake.

Alimkuta hemani akikunja mashati. Alikuwa mrefu, kichwa kinagusa paa la hema, na alikunja kila shati mara nne kama karatasi.

"Shemeji, hodi."

"Karibu. Kama umekuja kulia, kaa nje. Kama umekuja kusaidia kukunja, soksi zile pale."

"Soksi naziona kutwa kazini. Nimekuja kuuliza. Ulitia dawa, hukutia?"

Fundi Bomba aliweka shati chini. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Miaka ishirini na sita naendesha maji ya hospitali nzima kule nyumbani. Wagonjwa wanaoshwa kwa maji yangu. Watoto wanazaliwa kwa maji yangu. We unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Nilitia. Juzi saa kumi na mbili jioni. Boza la maji lilileta lita elfu mbili, tangi likajaa hadi mdomoni. Nikatia, nikangoja nusu saa, nikapima kwa karatasi. Ikageuka rangi ya waridi iliyokolea, maana yake dawa inatosha. Nikafunga bomba, nikaenda zangu."

"Na jana asubuhi ulipima tena?"

Hapo fundi alilishika tena lile shati. "Jana nilikuwa zamu ya Kijiji cha Nne. Hapa nilipaswa kupima jioni, na jioni ndiyo watoto wakaanza kuanguka, tangi likafungwa kwa utepe. Mkuu wa kijiji akaninyang'anya hata karatasi zangu za kupimia." Aliketi kitandani. "Shemeji, ripoti ikifika kule kazini, nani ataniachia hata ndoo? Mtu wa maji akiambiwa mwongo wa maji, amekwisha."

"Basi acha kukunja."

"Nikiacha kukunja nitafanya nini?"

"Utakaa. Nina saa tatu na dakika arobaini. Nimewahi kufanya makubwa kwa muda mfupi zaidi."

"Makubwa!" Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mtu ambaye fundo la skafu yake bado limekaa mpaka mchana huu. Tangu uamke hujamtendea mtu jema?"

Afande alijitazama kifuani. Ilikuwa desturi ya maskauti wa nchi hizo nne: unapoamka unapiga fundo dogo kwenye ncha ya skafu, na fundo halifunguliwi mpaka utende jema lako la siku. Ukilifungua huulizwi umetenda nini, wala husemi. Tenda wema nenda zako. Fundo la Afande lilikuwa pale pale, limekaza.

"Siku haijaisha," akasema, akatoka.

*

Mkuu wa Kijiji cha Tano alikuwa mwalimu mkuu wa shule huko alikotoka, na aliongea na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani.

"Afande, yule ni shemeji yako. Huwezi kuchunguza ndugu."

"Kweli, Mkuu. Ndiyo maana nikikuta amekosa nitakuwa wa kwanza kukuletea. Ukimpeleka mtu ambaye siye, aliyetia uchafu kwenye maji bado yuko nasi, na tangi litajazwa tena jioni."

Mkuu alikuna kidevu. Hoja hiyo ilimwingia. "Wapimaji wamesema hakuna dawa."

"Wamesema haimo leo. Hawakusema haikuwamo juzi. Hayo ni mawili."

"Daktari naye ananisumbua, anataka kujua uchafu ule umetoka wapi ili ajue dawa ya kumpa yule binti. Mimi nitajuaje?" Alitazama saa. "Basi halitamngoja mtu, nakwambia mapema. Nenda."

Alianza na Dereva wa Boza, kwa kuwa wa kwanza kushukiwa ni aliyeleta maji. Dereva alikuwa chini ya gari lake, miguu nje.

"Juzi ulijaza tangi la jiko la Tano?"

"Na la Nne, na la Sita," miguu ikajibu. "Safari moja, maji mamoja."

"Kati ya matangi hayo lipi lilitangulia?"

"La Nne. Halafu Tano. Sita mwisho. Mama, kama unatafuta wa kumtwika, kaulize Nne na Sita kama kuna aliyeumwa hata tumbo la njaa."

Aliuliza. Hakukuwa na aliyeumwa. Tangi la kabla na tangi la baada yalikuwa salama, na maji yalitoka tumbo moja la gari. Afande alimfuta dereva kwenye karatasi yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Saa saba na dakika ishirini.

Mpishi Mkuu alikuwa mnene, mwepesi wa kuudhika, na aliyejua idadi ya kila kitu jikoni mwake mpaka vijiko. Aliulizwa maji ya jana.

"Madumu sabini ya lita ishirini. Uji, chai, chakula cha mchana, cha jioni, na ya kunywa. Sabini. Nimeyapigia mistari ukutani, kahesabu mwenyewe."

Afande aliihesabu. Sabini, lita elfu moja na mia nne. Akaenda kwenye tangi, akainama kutazama mrija wa kipimo ubavuni, chini ya utepe wa kukataza watu. Mrija ulionyesha lita mia sita. Elfu mbili kutoa elfu moja na mia nne, mia sita. Hesabu ilitimia kama ya kitabuni, hakuna maji mengine yaliyoingia wala kutoka, na kwa hesabu hiyo shemeji yake alikuwa anakwenda uwanja wa ndege.

"Jana alfajiri ulikuta nini hapa?" akamuuliza mpishi.

"Nilikuta raha. Saa kumi na moja na nusu nafika, tangi limejaa, bomba limefungwa, kata zote zimeoshwa na kupangwa kwa saizi. Nikasema, leo Mungu kanikumbuka."

"Nani aliyeziosha kata?"

"Nitajuaje? Hapa si kuna maskauti? Ukiangusha kijiko wanagombania kukuokotea."

Afande alirudi hemani kwake kufikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kufungua daftari na kusoma kilichokwisha andikwa. Huo ndio ulikuwa mtindo wake tangu akiwa koplo: jibu mara nyingi limeshaandikwa na mtu ambaye hakujua anaandika nini. Safari hii aliyeandika alikuwa yeye. Jana, saa moja asubuhi, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Viatu vya raba, jozi moja, vyeupe. Vimeletwa na mfagiaji. Vimekutwa vikielea mtaroni nyuma ya jiko.*

Vikielea. Alilisoma neno lile mara tatu. Mvua haikuwa imenyesha tangu wafike, siku ya tisa sasa, na nyasi za uwanja zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya majani makavu.

Alichukua vile viatu, bado vina unyevu ndani, akaenda navyo mtaroni. Chini ya bomba la tangi ardhi ilikuwa ngumu juu, lakini kijiti kilizama urefu wa kidole. Tope lile liliteremka kama ulimi hadi mtaroni, upana wa hatua mbili. Hayo hayakuwa maji ya kunawa mikono. Ni bomba lililoachwa wazi, pengine na mtu aliyekuja kupiga mswaki, likamwaga saa nyingi za usiku.

Akachuchumaa pale, viatu mkononi. Ikiwa tangi lilimwaga maji mengi kiasi hicho, jana alfajiri lisingekuwa limejaa. Na mpishi alilikuta limejaa. Tangi halizai maji. Kuna aliyelijazia.

Saa nane na robo.

*

Boza lilikuwa limelala langoni usiku ule, funguo kwa mlinzi. Kwa hiyo aliyejaza alitumia mpira wa maji. Afande aliukuta ule wa bustani umezungushwa vizuri kwenye msumari wake nyuma ya jiko. Aliuvuta moja kwa moja kuona unafika wapi. Haukufika kwenye bomba la bafu, wala la zahanati. Ulifika penye uzio, na ng'ambo ya uzio, mkono unapofika, palikuwa na bomba la zizi la farasi wa mwenye shamba.

Alipanda uzio kwa shida, maana magoti hayakuwa tena ya koplo. Upande wa zizi palining'inia kibao chekundu chenye picha ya bilauri iliyokatwa mstari. Kibao hicho kilitazama zizini, kwa ajili ya watunza farasi. Mtu aliyenyoosha mkono kutoka kambini, gizani, asingekiona. Shingoni mwa bomba kulikuwa na kipande cha utepe wa kijani wa pamba, umezungushwa mara tatu ili mpira usiteleze, mwisho wake umekatwa kwa mkasi mkali, sawasawa.

Utepe huo ulikuwa kila mahali kambini. Ulitoka hema la Mama Sindano, mshonaji wa beji, ambaye wageni walimdhania muuguzi kwa ajili ya jina lake na kumletea watoto waliojikata. Alimgawia yeyote aliyeomba. Kwa utepe peke yake Afande angeweza kumshitaki nusu ya kijiji.

Aite mkutano wa watu wa kujitolea? Hapana. Ukiuliza hadharani nani amewapa watoto maji ya farasi, hakuna anayenyoosha mkono. Na huyu aliyejaza hakuwa mwovu. Mwovu haoshi kata akazipanga kwa saizi. Huyu aliona bomba limeachwa wazi, akalifunga, akajaza palipopungua ili mpishi asihangaike, akasafisha, akaondoka bila kumwambia mtu.

Afande alishika ncha ya skafu yake. Fundo lilikuwa bado pale.

Alikwenda karibu mbio kwa kijana Mpiga Picha. Kila asubuhi saa moja na nusu, bendera zikipanda, Mpiga Picha aliwapanga watu wa kujitolea wa Kijiji cha Tano, thelathini na wawili, na picha ikabandikwa ubaoni siku hiyo hiyo. Alimwomba kijana huyo aifungue ile ya jana kwenye kompyuta yake.

"Ikuze. Vifuani. Sitaki nyuso."

"Vifuani, Afande? Watu wataniuliza."

"Waambie wanitafute mimi."

Wakapita mmoja mmoja, mstari wa nyuma kwanza. Fundo, fundo, fundo. Fundi Bomba, fundo. Mpishi Mkuu, fundo kubwa kama ngumi. Afande mwenyewe, fundo. Saa moja na nusu asubuhi nani atakuwa ameshatenda jema, watu hata uji hawajanywa? Walipofika mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, ncha mbili za skafu zilining'inia laini, zimenyooka, na juu yake uso uliokuwa ukitabasamu kwa furaha ya mtu aliyeanza siku vizuri.

Alikuwa Mama Sindano.

*

Saa tisa na dakika tano. Mama Sindano alikuwa hema la wagonjwa, mikono imelowa hadi viwikoni, akiosha ndoo. Hakuwa amelala tangu jana. Alikuwa amewashika vichwa watoto kumi na tisa kwa zamu wakitapika, na hasira yake ilisikika hema zima.

"Bado hajaondoka yule shemeji yako? Samahani dada, sikuchukii wewe. Lakini angekuja hapa awasikie wanavyolia. Mtu mzima, amepewa kazi moja!"

"Dada, njoo nje kidogo."

"Nina ndoo tatu."

"Zitangoja."

Walikaa kwenye benchi nyuma ya hema. Afande aliviweka viatu vyeupe chini kati yao.

"Jana alfajiri uliamka saa ngapi?"

"Saa tisa u nusu. Nilikuwa na beji arobaini za kushona. Kwa nini?"

"Ulipita jikoni?"

Mama Sindano alitazama mikono yake, akaona haya kama msichana. "Ah. Hayo hayaulizwi, Afande. Nawe ni skauti."

"Leo nauliza. Ulikuta bomba wazi."

"Linamwaga! Maji yamefika karibu nusu ya tangi. Nikasema maskini mpishi, ataamka apikie watu mia tatu kwa nini? Nikavuta ule mpira." Alicheka kidogo. "Kata nazo zilikuwa aibu. We nani kakwambia? Sikumwambia mtu."

"Mpira uliuunga wapi?"

"Pale kwenye uzio, kuna bomba…" Alimtazama Afande, kisha viatu, kisha hema, ambamo mtoto mmoja alikuwa akiita maji. "Pale kuna bomba," akasema tena, polepole.

Afande hakumsaidia. Katika kazi yake ya zamani alijifunza kwamba jambo la namna hii mtu lazima alifikie kwa miguu yake, na kumharakisha ni ukatili.

"Ni bomba la nini?" Mama Sindano akauliza hatimaye.

"La zizi. Kuna kibao, kimetazama upande wa pili."

"Lakini dawa ilikuwamo. Si alitia dawa?"

"Alitia. Dawa hufa ikikutana na uchafu mwingi, muulize yeye."

Mama Sindano alijishika kifua kwa mkono wenye sabuni. Alilia bila sauti, machozi yakimwagika tu, na Afande alimwonea huruma ya kweli, huruma iliyomuuma. Alikuwa amewakamata wezi na wauaji wengi. Hakuwa amewahi kumkamata mtu kwa wema wake.

"Mimi nimesema aende kwao," Mama Sindano akasema. "Tangu asubuhi. Kwa kila mtu."

"Nimekusikia."

"Ungeweza kumwambia Mkuu moja kwa moja. Una ushahidi wako."

"Ninao. Picha, utepe, na viatu hivi. Saa tisa u nusu sasa. Lakini nilitaka uende mwenyewe. Nikikupeleka mimi, utakuwa mtu aliyegunduliwa. Ukienda mwenyewe ni habari nyingine."

Mama Sindano alijifuta uso kwa kiwiko. Skafu yake ilikuwa imenyooka, kwa kuwa fundo la leo alilifungua zamani, kwenye ndoo ya kwanza. Alichukua ncha yake, akaikunja, akapiga fundo upya, akalikaza kwa meno. Kisha akasimama.

"Basi liko wapi?"

Lilikuwa langoni, injini inanguruma. Begi la Fundi Bomba lilishapanda, naye alikuwa na mguu mmoja ngazini. Mkuu alishika orodha. Mama Sindano alitembea katikati ya uwanja mbele ya watu wote, mikono bado inadondosha maji, mpaka penye Mkuu.

"Mkuu, futa jina lake. Maji niliyajaza mimi, jana alfajiri, kutoka bomba la farasi. Yeye alitia dawa. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Mkuu alimtazama Afande, Afande akaitikia kwa kichwa. Aliyeongea wa kwanza alikuwa Fundi Bomba, na hakuuliza la jina lake.

"Bomba la zizi? Mkuu, mpigie daktari sasa hivi, mwambie ni maji ya zizini. Sasa hivi! Yule binti anasubiri." Mkuu alishatoa simu. Ndipo fundi akamgeukia yule aliyemtukana siku nzima.

"Begi langu lipande badala ya lako," Mama Sindano akasema. "Ni haki yako."

Fundi Bomba aligeuza uso kulitazama basi. Hasira ilikuwa bado usoni, haikuwa imekwisha, wala hakujifanya imekwisha. Akapanda ngazi, akashusha begi lake, akalitua chini.

"Tangi lile linataka kumwagwa, kusuguliwa ndani na kujazwa kabla ya jioni," akasema. "Watu mia tatu watataka maji, na mimi sina mikono minne. Mambo ya kwenda kwenu mtaongea na Mkuu baadaye. Mpira unaujua ulipo?"

"Naujua."

"Uache hapo hapo. Kalete brashi."

Mama Sindano akaenda, fundo likimpigapiga kifuani. Dereva wa basi aliuliza kama kuna abiria mwingine, akaambiwa hakuna, akafunga mlango. Afande alirudi hemani kwake na viatu vyeupe mkononi, akafungua daftari, akaandika chini ya mstari wa jana: *Mwenyewe bado hajapatikana.* Kisha akatoa kiti nje ili vikaukie juu yake.